Tundu la Ubavu kwenye Karatasi: Niliyojifunza kuhusu Kichwa cha Risasi Kinachoyumba Angani

Kichwa cha risasi kinachoruka vizuri huacha kwenye karatasi ya shabaha tundu la duara lenye pete nyembamba nyeusi pembeni. Kinachoyumba huacha tundu la duaradufu, na kile kilichopinduka kabisa huchora kwenye karatasi umbo la ubavu wake mzima, kuanzia ncha hadi kitako. Nimeyaona matundu ya aina zote tatu yakitoka kwenye bunduki moja, kwa risasi za aina moja kutoka kiwanda kimoja, na kwa muda mrefu sikumpata wa kunieleza sababu. Ninaandika kwa ajili ya wasemaji wenzangu wa Kiswahili wanaoshiriki mchezo wa kulenga shabaha, walio Marekani kama mimi na walio nyumbani Afrika Mashariki, kwa sababu maelezo yapo ila yametawanyika, na kuyakosa kunagharimu fedha, kunavunja moyo, na kubwa zaidi, kunahatarisha watu.

Mchezo huu niliuanza nikiishi Denver, jimbo la Colorado, baada ya kupata ukaazi wa kudumu. Suala la ukaazi nalitaja kwa makusudi. Sheria ya shirikisho ya Marekani humzuia mtu aliyeingia nchini kwa viza ya muda kuwa na bunduki au risasi, isipokuwa kama anaingia katika msamaha unaotambuliwa na sheria, kwa mfano kuwa na leseni halali ya uwindaji. Kwa hiyo anayealikwa uwanjani na marafiki aulize kwanza hali yake kisheria kabla ya kugusa chochote. Mimi nilinunua bunduki iliyokwisha kutumika, ya kukoki kwa mkono baada ya kila mlio, inayotumia risasi za .223 Remington. Muuzaji alinishauri nichukue risasi zenye kichwa cha greni 69, yaani takribani gramu nne na nusu, kwa hoja kwamba kichwa kizito hakisukumwi sana na upepo. Hoja hiyo ni ya kweli. Alichoacha kuuliza ni mtutu wa bunduki ile una msokoto gani, yaani mifereji iliyopinda ndani yake hukamilisha mzunguko mmoja kwa inchi ngapi, na siku zile sikujua kwamba swali hilo lipo.

Denver hapakuwa na tatizo. Mji ule uko mita 1,609 juu ya usawa wa bahari, na kwa umbali wa yadi 100 risasi zangu tano zilikuwa zikikaa pamoja vizuri vya kutosha kumpa moyo mtu anayejifunza. Kisha kazi ikanihamishia Minnesota, nikajiunga na klabu yenye uwanja wa wazi nje kidogo ya Minneapolis, mahali ambapo ardhi iko chini ya mita 300 kutoka usawa wa bahari. Kiangazi kile makundi yangu ya matundu yalipanuka na baadhi ya matundu yakawa ya duaradufu. Majani yalipopukutika hali ikazidi kuharibika. Ilipofika Desemba, kipimajoto kikiwa nyuzi 10 za Selsiasi chini ya sifuri, risasi zikaanza kupita karatasi kwa ubavu, nyingine zikawa haziigusi karatasi kabisa.

Ningependa msomaji aelewe jinsi jambo hili linavyomla mtu. Uwanjani kila mmoja anaiona karatasi yako. Walionitakia mema waliniambia kwamba ninaruka kabla ya mlio, kwamba ninavuta kifyatulio kwa pupa, kwamba baridi imenishinda kwa kuwa nimetoka nchi ya joto. Nilifanya mazoezi ya kuvuta kifyatulio bunduki ikiwa tupu, nyumbani, jioni baada ya jioni. Nilibadilisha vishikizo vya darubini, kisha darubini yenyewe. Nilimpelekea fundi bunduki akachonga upya ukingo wa mdomo wa mtutu, kazi aliyoifanya kwa uaminifu na kwa ustadi, na ambayo haikubadilisha chochote. Fedha zilikwenda, na risasi za mashindano zinazozidi dola moja kila moja ziliendelea kutoboa karatasi kwa ubavu.

Hapa ndipo ninapotaka kuwa mkali kidogo. Hakuna kasoro ya mlengaji inayoweza kukifanya kichwa cha risasi kipite karatasi kwa ubavu. Anayevuta kifyatulio vibaya hupeleka risasi mahali pasipotakiwa, lakini tundu lake hubaki la duara, kwa sababu mkono wa mtu hauna uwezo juu ya namna kichwa kinavyojizungusha baada ya kuuacha mtutu. Vivyo hivyo darubini iliyolegea: hutawanya matundu, haiyageuzi umbo. Ukiona tundu la ubavu, acha kumlaumu mlengaji na acha kununua darubini. Tatizo liko kati ya mtutu, kichwa cha risasi na hewa.

Tena acha kupiga. Siku ile ya Desemba msimamizi wa uwanja alisimamisha zamu yangu baada ya risasi moja kuvunja mguu wa mbao wa fremu iliyokuwa kando ya yangu. Hakunifokea. Alisema tu kwamba kichwa kilichopinduka hakina njia inayotabirika, na kwamba ukuta wa udongo nyuma ya shabaha umejengwa kwa kudhani kwamba risasi zitafika pale zilipoelekezwa. Nilirudi garini nikiwa natetemeka, na baridi haikuwa sababu pekee. Na kama bunduki ina kizuia sauti kwenye mdomo wa mtutu, hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu kichwa kinachotoka kikiyumba huweza kugonga kuta za ndani za kifaa hicho na kukipasua mbele ya uso wa mtu. Ukishuku tu kwamba kichwa hakitulii, kizuia sauti kiondolewe kabla ya majaribio yoyote.

Mwanga wa kwanza ulitoka kwa jirani wa zamu aliyenipa risasi chache za kichwa cha greni 55. Bunduki ileile, mlengaji yuleyule, baridi ileile: matundu yalikuwa ya duara safi, yamekusanyika pamoja. Mzee mmoja mwanachama, fundi mchonga vyuma aliyestaafu, aliziangalia karatasi mbili zikiwa sambamba, akaniomba nitoe komeo la bunduki na kuthibitisha kwamba chemba ni tupu. Alichukua ufito wa kusafishia ambao mpini wake unaruhusu ufito kuzunguka, akaufunga kitambaa kinachobana mtutuni, akausukuma ndani kidogo, kisha akatia alama ya wino upande wa juu wa ufito, pale unapoingia kwenye chuma. Akausukuma polepole hadi ile alama ilipozunguka mara moja kamili na kurudi juu, akapima umbali ambao ufito ulikuwa umeingia. Ilikuwa inchi 12. Kipimo hicho hakichukui hata dakika kumi na hakina gharama. Ningekifanya dukani kabla ya kulipa, na ndicho ninachomwomba kila anayenunua bunduki iliyokwisha kutumika akifanye, hata kama kuna namba iliyochongwa juu ya mtutu, maana mitutu hubadilishwa.

Kwa nini inchi 12 zilikuwa na maana, mtoto yeyote aliyewahi kuzungusha pia, kile kichezeo kinachosimama kwa ncha yake, anaijua nusu ya jibu. Pia isiyozunguka huanguka. Ikizungushwa kwa nguvu husimama juu ya ncha yake, na mzunguko ukipungua huanza kuyumba kichwa, mwishowe hulala. Kichwa cha risasi ya kisasa kimechongoka mbele na kina uzito mwingi nyuma, kwa hiyo kitovu cha uzito wake kiko nyuma ya mahali ambapo nguvu za hewa hukusanyika. Hewa inapokipiga usoni kwa kasi, kila mwinamo mdogo wa kichwa hugeuka kuwa nguvu ya kukipindua ncha iende nyuma. Kinachozuia ni mzunguko peke yake. Mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu kwa kupinda huuma ganda la shaba la kichwa na kukilazimisha kizunguke. Katika mtutu wa mzunguko mmoja kwa kila inchi 12, kichwa kinachotoka kwa futi 2,950 kwa sekunde, karibu mita 900, hujizungusha takribani mara 177,000 kwa dakika. Namba hiyo inaonekana kubwa mno, na bado haikutosha kwa kichwa nilichokuwa nikitumia.

Kipimo kinachotumika ni uwiano kati ya nguvu ya mzunguko inayokishikilia kichwa na nguvu ya hewa inayotaka kukipindua. Uwiano ukiwa chini ya 1, kichwa hupinduka. Ukiwa juu kidogo ya 1, kichwa hufika, ila huyumba zaidi, hupoteza kasi haraka kuliko kilivyokadiriwa, na mabadiliko madogo ya hali ya hewa yanaweza kukiangusha upande wa pili. Walengaji wa masafa marefu hupendelea uwiano wa 1.5 au zaidi.

Kanuni ya kukadiria msokoto unaohitajika ni ya zamani. George Greenhill, mwanahisabati aliyefundisha katika chuo cha kijeshi cha Woolwich nchini Uingereza, aliitoa mwaka 1879, na bado inafanya kazi ya kwanza ya mchujo kwa penseli na karatasi: chukua 150, zidisha kwa kipenyo cha kichwa kwa inchi, zidisha tena kwa kipenyo hichohicho, kisha gawanya kwa urefu wa kichwa. Jibu ni idadi ya inchi ambazo mtutu unatakiwa kukamilisha mzunguko mmoja. Kwa kasi inayozidi futi 2,800 kwa sekunde, wengi huweka 180 badala ya 150. Kichwa changu cha greni 69 kilikuwa na kipenyo cha inchi 0.224 na urefu wa inchi 0.9. Kwa 150 jibu ni 8.4, kwa 180 ni 10. Kwa vyovyote vile, 12 haimo. Kichwa cha greni 55 cha aina niliyopewa kina urefu wa karibu inchi 0.74, na kwa 180 jibu lake ni inchi 12.2. Msokoto wa bunduki yangu ulikuwa umechaguliwa kwa ajili ya vichwa vifupi vya namna hiyo, na ulikuwa sahihi kabisa kwa kazi yake.

Lakini Greenhill peke yake hakuniambia kwa nini Denver kila kitu kilikuwa shwari. Jibu hilo nililipata kwa kanuni ya Don Miller, iliyochapishwa mwaka 2005 na ambayo ndiyo msingi wa vikokotoo vingi vinavyopatikana bure mtandaoni. Miller anaingiza uzito, kipenyo, urefu, msokoto na kasi, kisha anarekebisha kwa joto na kanieneo ya hewa. Nilipoweka namba zangu, bunduki yangu katika alasiri ya joto ya Denver ilikuwa na uwiano wa karibu 1.2. Katika kiangazi cha Minnesota ulikuwa karibu na 1, yaani juu ya makali ya kisu. Katika nyuzi 10 chini ya sifuri ulikuwa chini kidogo ya 0.9. Hewa ya siku ile ya Desemba ilikuwa nzito kuliko ile ya Denver kwa takribani theluthi moja, kwa kuwa mahali pa chini hewa husongamana na baridi huisonganisha zaidi. Hewa nzito hupindua kwa nguvu zaidi, ilhali mzunguko unaotolewa na mtutu haubadiliki. Hali yote niliyoihangaikia kwa miezi ilikuwa imeandikwa katika namba hizo tatu.

Tahadhari kwa atakayetumia kikokotoo: kanieneo inayotangazwa katika utabiri wa hali ya hewa huwa imerekebishwa ili ilingane na usawa wa bahari. Denver wanaweza kutangaza milibari 1,013 wakati hewa halisi inayomzunguka mtu uwanjani ina milibari 830 hivi. Ukiingiza namba ya utabiri bila kujua, kikokotoo kitakupa jibu la mahali pengine. Tumia kipimo halisi cha uwanjani, au chagua sehemu ya kuingiza kimo cha ardhi.

Haya si mambo ya Marekani peke yake. Nairobi iko katika kimo kinachokaribiana na cha Denver, na Mombasa iko usawa wa bahari. Nilifanya hesabu ya bunduki ileile na kichwa kilekile: Nairobi katika nyuzi 22 uwiano ni karibu 1.2, na Mombasa katika nyuzi 30, pamoja na joto lake lote, ni karibu 1. Mwanamichezo mwenye leseni aliyezoea kulenga nyanda za juu, kisha akashuka pwani kwa mashindano, anaweza kukuta bunduki yake imegeuka mgeni mikononi mwake, na watu wa karibu watamwambia ni uchovu wa safari.

Ilinifariji kujua kwamba wenye fedha na wahandisi wengi walikwama mahali hapohapo. Bunduki ya M16 ilipokuwa ikiingia jeshini Marekani, mitutu yake ya kwanza ilikuwa na mzunguko mmoja kwa inchi 14. Majaribio ya maeneo ya baridi kali ya kaskazini yalionyesha kwamba hewa nzito ya kule iliziharibia risasi uthabiti wake, na mwaka 1963 msokoto ukabadilishwa kuwa inchi 12. Baadaye, katika miaka ya 1980, jeshi lilipochukua vichwa vizito zaidi pamoja na kile kirefu kinachowaka njiani ili kionekane, msokoto ulikazwa hadi inchi 7. Kadhia nyingine ni ya mwaka 1955, wakati kampuni za bunduki za Winchester na Remington zilipoleta sokoni risasi mbili zinazokaribiana sana, .243 na .244, zenye kipenyo kimoja cha kichwa. Remington waliweka msokoto wa inchi 12 wakiwafikiria wawindaji wa wanyama wadogo. Winchester wakaweka inchi 10. Wanunuzi walitaka bunduki moja ya kuwindia wanyama wadogo na swala pia, na vichwa vilivyochongoka vya greni 100 havikutulia vizuri katika mitutu ya Remington. Mwaka 1963 Remington waliirudisha risasi yao kwa jina jipya la 6mm, ikiwa na msokoto wa inchi 9, lakini soko lilikuwa limekwisha kuamua.

Katika kisa hicho, kama katika changu, watu husema "kichwa kizito", na ningeomba tuzoee kusema "kichwa kirefu". Urefu ndio unaodai mzunguko. Kwa kipenyo kilekile kichwa kizito huwa kirefu, ndiyo maana mambo hayo mawili huchanganywa, lakini yapo mazingira yanayoyatenganisha. Jimbo la California limepiga marufuku vichwa vya madini ya risasi katika uwindaji wote tangu Julai 1, 2019, na wawindaji wanahamia vichwa vya shaba tupu. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo kichwa cha shaba chenye uzito uleule hutoka kirefu zaidi, na mtutu uliokuwa ukitosha jana unaweza usitoshe leo ingawa namba ya greni kwenye boksi haijabadilika. Pima urefu kwa kalipa, au tafuta urefu uliotangazwa na mtengenezaji. Kama kichwa kina ncha ya plastiki, ujue kwamba ncha hiyo haina uzito wa maana, na hesabu inayotumia urefu wote itakupa jibu la wasiwasi kuliko hali halisi.

Kuna ushauri mmoja niliopewa ambao nauogopa hadi leo: kuongeza baruti ili kichwa kiende kasi na kuzunguka zaidi. Ni kweli kwamba kasi huongeza mzunguko, lakini huongeza pia nguvu ya hewa inayopindua, na vitu hivyo viwili hukaribia kufutana. Kwa kanuni ya Miller, kupanda kutoka futi 2,700 hadi 2,900 kwa sekunde huongeza uwiano kwa kiasi cha asilimia 2 na nusu tu. Bunduki iliyo kwenye 0.9 haiokolewi na asilimia 2, ilhali shinikizo ndani ya chemba linaweza kupanda hadi kiwango cha kupasua chuma. Msokoto una nguvu tofauti kabisa. Kutoka inchi 12 hadi inchi 8 uwiano huzidishwa kwa zaidi ya mara mbili, na kwa namba zangu ulipanda kutoka 0.9 hadi karibu 2 katika baridi ileile.

Nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza, ambayo ningemshauri mtu asiye na haja ya masafa marefu, ni kununua risasi za greni 55 au pungufu na kuendelea na maisha; uwiano wake katika baridi ya Minnesota ni karibu 1.3, si wa kifahari lakini unatosha kwa yadi 100 na 200. Ya pili ni kubadilisha mtutu. Nilichagua ya pili kwa sababu nilitaka kushiriki mashindano ya yadi 600, ambako upepo huwaadhibu wenye vichwa vyepesi. Mtutu mpya wenye msokoto wa inchi 8 pamoja na kazi ya fundi ulinigharimu zaidi ya dola mia saba. Rafiki mmoja alinihimiza nichukue inchi 7 ili nimalize kabisa, nami nikakataa baada ya kufikiria, kwani mzunguko kupita kiasi una madhara yake: vichwa vya ganda jembamba vilivyotengenezwa kwa wanyama wadogo, vikipigwa kwa futi 3,500 kwa sekunde katika mtutu wenye msokoto wa inchi 7, huzunguka mara 360,000 kwa dakika, na vingine hupasuka hewani kabla ya kufika, vikiacha mstari wa moshi wa kijivu na karatasi isiyo na tundu. Anayeona risasi zake zinapotea kabisa ilhali hakuna tundu la ubavu, na aulize kama hapigi vichwa vya aina hiyo.

Msokoto si sababu pekee ya kichwa kupinduka karibu na mtutu. Ukingo wa mdomo wa mtutu uliogongwa huruhusu gesi itoke upande mmoja kabla ya mwingine na kukisukuma kitako cha kichwa. Pitisha pamba pale mdomoni, ikinasa nyuzi, hapo pana kasoro. Kifaa cha mdomoni kilichofungwa kikiwa kimepinda huacha alama ya madini inayong'aa ndani yake. Mtutu uliochakaa au wenye kipenyo kikubwa kuliko kichwa hauwezi kukiuma sawasawa, kwa hiyo kichwa hutoka bila mzunguko kamili. Na mwindaji asisahau kijiti: tawi jembamba kama kidole linatosha kukipindua kichwa chochote, kiwe kinazunguka vipi. Mimi naanza na kipimo cha ufito, kisha mdomo wa mtutu, kisha mengine, kwa kuwa viwili vya kwanza havina gharama.

Kuna jambo lililonishangaza kuliko yote, na lilinijia nikiwa tayari na mtutu mpya. Kichwa kinachosafiri hupoteza kasi ya mbele haraka kuliko kinavyopoteza mzunguko. Kwa kuwa nguvu ya hewa hupungua kasi inapopungua, uwiano wa mzunguko huongezeka kadiri kichwa kinavyokwenda mbali. Kwa hiyo upungufu wa msokoto hujitangaza mapema, ndani ya yadi 100 za kwanza, na kichwa kilichopita hapo kikiwa kimetulia hakitapinduka baadaye kwa sababu hiyo. Ndiyo maana nilipigwa na butwaa nilipomwona mwenzangu, anayetumia bunduki ya risasi za .308 zenye kichwa cha greni 168, akipata matundu ya duara yaliyokusanyika vizuri katika yadi 600, na matundu ya ubavu katika yadi 1,000. Alikuwa ameanza kuzungumzia kubadilisha mtutu.

Mtutu wake haukuwa na kosa. Kichwa chake kilikuwa kinakaribia kasi ya sauti, ambayo ni mita 340 kwa sekunde katika hewa ya kawaida na karibu 325 katika nyuzi 10 chini ya sifuri. Katika mpaka huo mawimbi ya mshtuko juu ya kichwa huhama, mahali pa kukusanyikia nguvu za hewa huhama pia, na kuyumba kidogo ambako kulikuwa kukijizima kunaweza kuanza kujikuza. Kichwa kile cha greni 168 kilibuniwa kwa mashindano ya mita 300, na kitako chake kimechongwa kwa mwinamo mkali wa nyuzi 13; kina sifa ya muda mrefu ya kushindwa kuvuka mpaka wa sauti kwa utulivu. Kile cha greni 175 cha ukoo huohuo kina mwinamo wa nyuzi 9, huvuka vizuri zaidi, na ndicho kilichoingizwa katika risasi za masafa marefu za jeshi la Marekani. Mwenzangu alibadilisha boksi la risasi tu, akaacha mtutu mahali pake.

Basi mwenye tundu la ubavu aanze kwa kutafuta linaanzia wapi. Weka karatasi ngumu, isiyochanika ovyo, kwa yadi 25, kisha 50, kisha 100, bunduki ikiwa imeegemezwa imara, kwa idhini ya msimamizi na mbele ya ukuta mpana wa udongo. Duaradufu hafifu katika yadi 25 isikutishe yenyewe, kwa sababu kila kichwa hutoka na mtikisiko kidogo na huchukua umbali fulani kutulia. Kinachohesabika ni kama kinatulia au kinazidi kufikia yadi 100. Kikizidi, pima msokoto, pima urefu wa kichwa, na fanya hesabu ukitumia siku ya baridi kuliko zote utakazopiga, si siku uliyonunulia bunduki. Kikiwa shwari hadi yadi mia kadhaa na kuharibika mbali tu, angalia kasi yake kule mbali kabla hujagusa chuma. Na kwenye kila boksi ninaloazima au kumpa mtu siku hizi naandika kwa kalamu ya wino urefu wa kichwa na msokoto unaohitajika, karibu na ile namba ya greni ambayo ndiyo pekee iliyochapishwa kwa herufi kubwa.